Kisukari Kwenye Sahani Yetu

Mtu akigundulika ana kisukari cha aina ya pili, awe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, maagizo ya chakula anayorudi nayo nyumbani hufanana: acha sukari kwenye chai, acha sembe ule dona, punguza mafuta, kula mboga za majani. Baada ya miezi mitatu anarudi kliniki, anaapa kwamba hajagusa sukari, na kipimo cha sukari kinasoma milimoli 14 kwa lita. Anashukiwa kwamba anadanganya. Anaondoka na aibu, na mara nyingi na kidonge cha nyongeza. Huenda hakudanganya hata kidogo. Alifuata alichoambiwa, ila katika yote aliyoambiwa hakuna aliyemtajia kiasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kijiko cha chai cha sukari kina uzito wa gramu 4 hivi. Anayetia vijiko vitatu na kunywa vikombe viwili kwa siku anapata gramu 24 za sukari. Sasa tugeukie chakula cha mchana. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na mtu mzima mwenye njaa anaweza kumaliza ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga. Hizo ni gramu 150 za wanga kwa mlo mmoja, na jioni mambo hujirudia. Wanga ni glukosi iliyoungana. Ukishameng'enywa, huingia kwenye damu kama glukosi. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Kwa hiyo aliyeacha sukari kwenye chai amefanya jambo jema, lakini amepunguza sehemu ndogo ya mzigo, na sehemu kubwa bado inamngoja mezani.

Dona ndiyo imezua imani kubwa kuliko chakula kingine chochote katika suala hili, kwa hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Ni kweli kwamba mahindi yasiyokobolewa yana nyuzinyuzi zaidi, vitamini zaidi na madini zaidi kuliko sembe. Mwenye uwezo wa kuchagua achague dona, mgonjwa na asiye mgonjwa. Lakini wanga uliomo katika gramu 100 za dona unakaribiana sana na uliomo katika gramu 100 za sembe. Zaidi ya hapo, mashine zetu husaga dona ikawa laini, na nafaka iliyosagwa laini humeng'enywa haraka hata kama kumvi na kiini chake vimo ndani. Matokeo ni kwamba ugali wa dona unaolingana na ule wa sembe aliokuwa akila mgonjwa zamani utapandisha sukari yake karibu sawa na zamani. Wapo hata wanaoongeza tonge kwa sababu wameambiwa kwamba dona ni dawa. Wamepewa jina la chakula, hawakupewa kipimo chake.

Umbo la nafaka nalo lina uzito wake. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake huko Toronto walichapisha njia ya kupanga vyakula kwa kasi ambayo vinapandisha sukari ya damu, na tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba punje nzima hutoa glukosi taratibu kuliko unga wake. Kwetu maana yake ni hii: makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ni chakula bora kwa mgonjwa wa kisukari kuliko ugali wa mahindi yale yale. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe zina wanga, lakini ni wanga unaotoka polepole, ukiandamana na protini na nyuzinyuzi. Uji laini uko upande wa pili kabisa. Wengi hunywa bakuli kubwa la uji wa ulezi au wa nafaka zilizochanganywa wakiamini kwamba ni chakula cha wagonjwa, na huo ukishateremka tumboni hauna cha kuuchelewesha. Kuhusu kiporo, ni kweli kwamba wali au ugali uliopoa hugeuza sehemu ya wanga wake ikawa ngumu kumeng'enywa. Sehemu hiyo ni ndogo, na haimpi mtu ruhusa ya kujaza sahani.

Wazo la kutibu kisukari kwa chakula ni la zamani kuliko dawa zote tunazotumia leo. Mji wa Paris ulipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870 na 1871, chakula kilikuwa cha mgawo. Daktari Apollinaire Bouchardat aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake wa kisukari walipata nafuu: sukari kwenye mkojo ilipungua au kutoweka. Kutokana na uchunguzi kama huo, madaktari waliamini kwamba njaa ni tiba. Huko Marekani, Frederick Allen aliwanyima wagonjwa wake chakula kiasi kwamba walibaki mifupa na ngozi, baadhi yao wakiwa watoto. Elizabeth Hughes, binti wa mwanasiasa Charles Evans Hughes, alifika Toronto mwaka 1922 akiwa na umri wa miaka 14 na kilo 20 hivi tu. Insulini ilikuwa imegunduliwa mjini humo mwaka uliotangulia. Alianza kuchomwa sindano, akanenepa, akaolewa, akazaa, akaishi hadi 1981.

Simulizi hiyo inatufundisha jambo ambalo husahaulika mitaani kwetu. Kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili yenyewe huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, hakitibiwi kwa chakula. Mtoto mwenye ugonjwa huo anahitaji insulini kila siku, na chakula ni cha kumkuza, kikipangwa kulingana na sindano. Anayemwambia mzazi aache insulini ampe mtoto mlonge au maji ya majani fulani anamrudisha mtoto huyo kwenye zama za Allen, na humo mtoto hufa. Hapa sina neno la upole.

Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, ni habari nyingine, na katika miaka ya karibuni habari yake imekuwa ya matumaini. Uingereza ilifanya utafiti uitwao DiRECT, ukiongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow. Watu wenye uzito mkubwa, waliokuwa na ugonjwa kwa miaka isiyozidi sita na ambao hawakuwa kwenye insulini, walipewa mlo wa kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalichapishwa 2017: asilimia 46 walikuwa na sukari isiyo ya kiwango cha kisukari bila kutumia dawa yoyote. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifikia hapo. Baada ya miaka miwili asilimia ilishuka hadi 36, kwa sababu kwa wengi uzito ulianza kurudi. Maelezo ya Taylor ni kwamba mafuta yaliyojikusanya kwenye ini na kongosho yanapoondoka, viungo hivyo huanza tena kufanya kazi yake. Kwa mwenye kitambi aliyegundulika mwaka jana, hiyo si habari ndogo. Ni nafasi, na hupungua kadiri miaka inavyopita.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu na ushauri uliotungwa kwa miili ya Ulaya. Si kila mgonjwa wetu ana kitambi. Anayehudhuria kliniki za Kanda ya Ziwa atawakuta wakulima na wavuvi wembamba, wenye mikono ya kazi, ambao sukari yao iko juu. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu huko Mwanza wameonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo tatizo kubwa ni kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha, kuliko mwili kuwa sugu kwa insulini iliyopo. Mwezi Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kwamba kisukari kinachohusiana na utapiamlo ni aina inayojitegemea, likaiita aina ya tano. Mtu huyo ukimwambia apungue uzito unamuumiza. Anahitaji kula vya kutosha, protini zaidi, wanga wa kiasi uliogawanywa katika milo kadhaa, na uangalizi wa karibu wa dawa. Kabla ya mtu kupewa karatasi ya chakula, apimwe uzito na kimo, na aulizwe kama amekonda bila kutaka.

Ugonjwa wenyewe umeongezeka mbele ya macho yetu. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania: waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ukakuta asilimia 9.1. Takwimu hizi mbili hazilingani moja kwa moja, maana umri wa waliopimwa ni tofauti na utafiti mmoja ulikuwa wa vijijini tu, lakini hakuna anayefanya kazi kwenye hospitali zetu atakayekana mwelekeo wake. Kinu na mchi vimeachia nafasi mashine. Safari ya mguu imeachia nafasi bodaboda. Soda, ambayo zamani ilikuwa ya Idi na Krismasi, sasa inapozwa kwenye friji ya kila kibanda, nayo huwa na gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100. Chipsi mayai imekuwa chakula cha jioni cha kijana wa mjini. Na makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021 yalisema kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kwamba wanao.

Basi mgonjwa ale nini? Njia iliyo rahisi kufundishika ni ya kuigawa sahani. Chukua sahani ya upana wa sentimita 23 hivi, si ile bapa kubwa ya harusini. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, mnafu, kabichi, bamia, bilinganya, kachumbari. Robo iwe kitoweo chenye protini: samaki, dagaa, kuku, yai, nyama isiyo na mafuta mengi, au maharage. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi za kupika, viazi, muhogo au chapati, mojawapo na si viwili kwa pamoja. Kwa ugali, ngumi ya mlaji mwenyewe iliyofumbwa inatosha kuwa kipimo. Hapo panakuwa na wanga wa gramu 50 hivi, theluthi moja ya ule mlo wa gramu 150 tuliouhesabu. Mpangilio wa kula nao husaidia: anayetangulia kula mboga na kitoweo, kisha akamalizia na wanga, sukari yake hupanda kidogo kuliko anayeanza na wanga. Utafiti mdogo uliofanywa New York mwaka 2015 ulionyesha hivyo waziwazi, na mpangilio huo haugharimu chochote. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula pia kunashusha sukari, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata insulini inapokuwa dhaifu.

Kusema hivyo ni rahisi. Kutenda ni kugumu, na sababu yake haiko kwenye utashi wa mgonjwa peke yake. Katika nyumba nyingi za kwetu ugali ndio mlo, mboga ni ya kuteremshia ugali. Unga ndio unaoshibisha kwa fedha kidogo. Anayemwambia mama mwenye watoto watano ajaze nusu ya sahani mboga lazima ajue kwamba anamwambia apike mafungu matatu ya mchicha badala ya moja, na kuni au mkaa ni ule ule. Ndiyo maana nasisitiza vyakula ambavyo bei yake inawezekana: kisamvu, matembele yanayoota nyuma ya nyumba, majani ya kunde na ya maboga, dagaa, maharage. Saladi ya parachichi na samaki wa salmoni wanaoonekana kwenye vitabu vya wageni si chakula cha mgonjwa wa Manzese. Maharage na matembele ni chakula chake, na havizidiwi ubora.

Kisha lipo suala la nani anapika na nani anapakua. Chungu chetu ni kimoja. Mwanamume mwenye kisukari mara nyingi hukaa kliniki kusikiliza mafunzo ya lishe ilhali hajawahi kusonga ugali. Mkewe, ambaye mkono wake ndio unaopakua, yuko nyumbani au sokoni. Na mgonjwa akiwa ni mama mwenyewe, hali ni ngumu zaidi. Huwapakulia wengine kwanza. Kitoweo kinaishia kwa baba na watoto, naye anabaki na ugali na mchuzi. Anajua kabisa anachotakiwa kula, lakini heshima ya nyumba imempangia ale cha mwisho. Kwenye sinia la pwani, watu wanne au watano hula wali pamoja, na hakuna anayeweza kujua amekula kiasi gani. Mgonjwa akipakuliwa sahani yake pembeni huonekana ametengwa. Nyumba zilizofanikiwa, kwa ninavyoona mimi, ni zile zilizobadili chungu cha wote: mboga zaidi kwa kila mtu, wanga kidogo kwa kila mtu mzima, maji mezani badala ya juisi. Ndugu wa mgonjwa wa aina ya pili nao wako hatarini kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo, kwa hiyo mlo huo unawafaa wao pia. Huko Marekani, utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa, walipopunguza uzito kwa kula vizuri na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Ramadhani inastahili kuzungumzwa peke yake, maana kwa Waswahili wengi ndio mwezi ambao mpango wote wa chakula hupinduka. Mchana kutwa hakuna kitu, kisha jua likizama huja tende, uji wenye sukari, tambi, kaimati zilizorowekwa kwenye shira, muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, viazi, sambusa, juisi ya ukwaju. Karibu kila kilichopo ni wanga au sukari. Hatari zinakuwa mbili: sukari kushuka mno alasiri na kupanda mno usiku. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi uligundua kwamba, kwa wagonjwa wa aina ya pili, kushuka kwa sukari kwa kiwango cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara saba na nusu ndani ya Ramadhani.

Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ruhusa hiyo ni sehemu ya ibada, si upungufu wa imani. Mwenye aina ya kwanza isiyotulia, mjamzito mwenye kisukari, mwenye figo zilizoharibika, au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka hivi karibuni, hao hawapaswi kufunga. Anayeweza kufunga aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, wiki sita au nane mapema, ili dawa zipangwe upya. Afungue kwa tende moja au mbili na maji, aswali, kisha ale mlo wa sahani iliyogawanywa kama tulivyoeleza. Kaimati zisiwe za kila siku. Daku icheleweshwe hadi karibu na alfajiri, na iwe na maharage, mayai au samaki. Kujipima kwa kuchoma kidole hakubatilishi funga. Hivyo ndivyo inavyosema miongozo iliyotungwa na matabibu kwa kushauriana na wanazuoni. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika ishirini.

Sasa tuje kwenye mlo usio na wanga, ambao umeenea sana kwenye simu zetu. Watu wanaonyesha vipimo vyao kabla na baada, wengine wanatangaza kwamba wamepona na wametupa vidonge. Siwezi kusema ni uongo. Mtu akipunguza wanga sana, sukari yake hushuka, na hushuka haraka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2021 na jarida la BMJ ulionyesha kwamba katika miezi sita ya kwanza mlo wa wanga kidogo ulikuwa na matokeo bora kuliko milo mingine. Kufika mwezi wa kumi na mbili tofauti hiyo ilikuwa imefifia, huenda kwa sababu wengi hawakuweza kuendelea nao.

Linalonitia hofu ni dawa anazotumia anayeuanza mlo huo. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanatumia glibenclamide kwa sababu ni ya bei nafuu. Dawa hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini iwe kuna chakula au hakuna. Aliyeimeza asubuhi kisha akaacha ugali, wali na chapati kwa mara moja anaweza kuanguka njiani, au sukari yake ikashuka usiku watu wakadhani amelala. Insulini ni vivyo hivyo. Metformin peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo. Kwa hiyo anayetaka kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa amwambie daktari kwanza, ili dawa ipunguzwe siku ile ile chakula kinapopunguzwa. Na wote wa nyumbani wajue dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, maneno yasiyoeleweka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Asiyejitambua asitiliwe kitu mdomoni; akimbizwe hospitali.

Mambo mengine yanatosha kupitiwa kwa haraka. Asali ni sukari kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, hata ikiwa ya nyuki wadogo kutoka Tabora. Juisi ya miwa na ya embe ni sukari iliyotenganishwa na nyuzinyuzi zake. Tunda zima ni salama zaidi, nalo kwa kiasi, ndizi moja ndogo au kipande cha papai. Tui la nazi halipandishi sukari lenyewe, lakini lina mafuta mengi na huongeza uzito. Pombe kwa anayetumia glibenclamide au insulini huweza kushusha sukari saa nyingi baada ya kuinywa. Mdalasini na mlonge ni viungo na mboga. Viliwe kama viungo na mboga. Ni kweli kwamba metformin chanzo chake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega, lakini kutoka kwenye mmea hadi kwenye kidonge kulihitaji miongo ya kupima kiasi na madhara. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie ushauri huu wa jumla. Kiasi chake cha protini, maharage na hata mboga fulani kinahitaji mtaalamu.

Njia ya uhakika ya kumaliza ubishi wa dona na sembe, wali na muhogo, ni mgonjwa kujipima mwenyewe. Apime kabla ya kula, apime tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Afanye hivyo kwa ugali wake wa kawaida, siku nyingine kwa ugali wa ngumi moja na mboga nyingi, siku nyingine kwa makande. Namba atakazoziona zitamfundisha kuliko karatasi yoyote, kwa sababu miili haifanani, na chakula kinachomtuliza jirani kinaweza kumpandishia yeye. Kinachozuia ni gharama ya vijiti vya kupimia. Huisha haraka, na kwa kipato cha wengi ni anasa. Lakini si lazima kupima kila siku. Vijiti vichache kwa mwezi, vikitumiwa kwa swali mahususi kuhusu mlo mahususi, vina faida kuliko kupima kila asubuhi bila kubadilisha chochote. Serikali zetu zinazolipia usafishaji wa figo na matibabu ya vidonda vya miguu zingepata nafuu kwa kulipia vijiti hivyo mapema.

Kliniki nazo zibadilike, na badiliko ninaloliomba si la gharama kubwa. Somo la lishe lifundishwe kwa sahani halisi, ugali halisi na mchicha halisi, mbele ya mgonjwa pamoja na yule anayempikia. Muuguzi aulize: kwenu unga kiasi gani kwa siku, kwa watu wangapi, na nani hupakua? Mgonjwa mwembamba asipewe karatasi ya mgonjwa mnene. Anayeandikiwa glibenclamide aelezwe siku hiyo hiyo kwamba asiruke mlo. Nawe msomaji, kama una kisukari au unaishi na mwenye nacho, katika miadi ijayo usitoke chumba cha daktari kabla hujauliza maswali mawili: nile wanga kiasi gani kwa mlo, na nikipunguza chakula, dawa yangu ipunguzwe vipi?